Klachi ya Honda ya zamani ikileta shida: anza na sailensa, oili na skrubu moja

Honda za zamani, zile C50, C70 na C90 ambazo wengi wetu tulizikuta uani kwa babu au kwa mjomba, hazina mkono wa klachi. Unakanyaga gia, unavuta mafuta, inaondoka. Ukisimama unaachia mafuta, na injini inabaki inaunguruma gia ikiwa ndani, haizimi. Mtu anaweza kuendesha Honda hizi miaka 20 bila kujua kama mle ndani kuna klachi, mpaka siku inapoanza kumsumbua.

Ikianza, jambo la kwanza analoambiwa gereji ni "klachi pleti zimekwisha, leta pesa tubadilishe". Nimezifungua pikipiki hizi kwa miaka mingi, na nasema wazi tangu mwanzo: klachi hii husingiziwa. Mara nyingi shida iko kwenye sailensa, yaani mwendo wa injini ukiwa umeachia mafuta kabisa, au kwenye oili, au kwenye skrubu moja ndogo iliyo nje ya kava la kulia. Vyote vitatu unavimaliza bila kufungua injini. Ndiyo maana nimeanza navyo, na habari ya kufungua nimeiweka mwishoni.

Inavyofanya kazi

Klachi ya C50, C70 na C90 imekaa kwenye ncha ya kulia ya krankshafti yenyewe, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, kwa hiyo inazunguka kasi ileile ya injini. Ndani kuna klachi pleti zenye ngozi ya kushika, pleti za chuma katikati yake, na vyuma vidogo vya uzito vilivyopangwa kwa duara. Injini ikienda polepole, vyuma vimetulia na springi ndogo zinazitenganisha pleti, gurudumu halipati nguvu. Ukivuta mafuta, vyuma vinatupwa nje kama jiwe unalolizungusha kwa kamba, vinapanda kwenye mteremko uliochongwa kwa ajili yake, na kwa kupanda huko vinazibana pleti. Injini ikizidi kasi, pleti zinazidi kubanwa.

Kwa hiyo klachi hii inajua kitu kimoja tu: kasi ya injini. Kasi ikikosewa, klachi itakosea hata kama ni mpya ya dukani.

Kuna mambo mawili zaidi ya kuyaelewa. Unapokanyaga pedali ya gia, kabla gia haijabadilika, shafti ya pedali inasukuma mkono mdogo ulio ndani ya kava la kulia. Mkono huo unajisokota juu ya gololi, na gololi zinaisukuma klachi iachie. Kukanyaga pedali na kuishikilia chini ni sawa na mwenye pikipiki nyingine kuvuta mkono wa klachi. Jambo la pili: gia ya klachi imekaa kwenye meno ya mshazari, mfano wa nyuzi pana za skrubu. Nguvu ikitoka kwenye kiki au kwenye gurudumu kuelekea injini, meno hayo yanajisokota na kuzibana pleti, hata injini ikiwa imezima. Bila hayo kiki isingeizungusha injini, kusukuma kusingeiwasha, na kwenye mteremko injini isingekusaidia kupunguza mwendo.

Mpango huu ulitakiwa na wenyewe tangu siku ya kwanza. Honda hizi ni za ukoo wa Super Cub. Super Cub ya mwanzo kabisa, C100 ya cc 49, ilitoka Agosti 1958, na Honda wenyewe husimulia kwamba Soichiro Honda alitaka kijana anayepelekea wateja tambi za soba aiendeshe kwa mkono mmoja, mkono wa pili umebeba sinia. Kufikia 2017 Super Cub za kila aina zilizotengenezwa duniani zilifika milioni 100. Klachi mbovu kwa asili yake isingefika huko.

Kwanza hakikisha ni klachi

Mtu anakuja anasema "haivuti". Neno hilo moja lina magonjwa matatu. Sikiliza sauti ya injini unapovuta mafuta ukiwa gia ya tatu mahali pa kupanda. Sauti ikipanda lakini mwendo haupandi, klachi inateleza. Sauti isipopanda, injini ikalemewa na kukokota, klachi inashika vizuri na ubovu uko kwenye injini: kompresheni imeshuka, kabureta chafu, plagi, au ekzosi imeziba. Sauti na mwendo vikipanda pamoja lakini kwa uzito, simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, weka frii, yaani isiwe kwenye gia yoyote, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Nimewahi kumrudishia mtu pikipiki bila kumtoza chochote kwa sababu breki ya nyuma ilikuwa imekazwa mpaka inashika muda wote.

Kuna kipimo kingine cha haraka, lakini kifanye kwa sekunde mbili tu maana kinachemsha pleti. Injini ikiwa na moto, panda pikipiki, weka gia ya tatu, kanyaga breki ya nyuma kwa nguvu, shika na ya mbele, kisha vuta mafuta kidogo kidogo. Klachi nzima itaibana injini, na ukiendelea itataka kuzima. Ikiwa injini inapaa tu kama iko frii, hapo una haki ya kuishuku klachi.

Injini inapiga kelele, pikipiki haiendi

Hii ndiyo shida inayoleta watu wengi, basi tukae hapa kidogo.

Anza na mguu wako. Pedali ya gia ya Honda hizi ina sehemu mbili, ya mbele kwa vidole na ya nyuma kwa kisigino, na ni rahisi mguu kuipumzikia. Ukiipumzikia, hata kwa uzito mdogo, tayari umeanza kuiachisha klachi. Mwalimu mmoja aliniletea C50 inayoteleza kila asubuhi lakini jioni nzima kabisa. Nikamwomba aniendeshee nione. Asubuhi huvaa viatu vya kazi vyenye kisigino, na kile kisigino kilikuwa kinakaa juu ya pedali safari nzima. Jioni huvaa kandambili. Angalia pia kama pedali imepinda ikagusa chuma cha kukanyagia, maana hairudi hadi mwisho wake, na matokeo ni yaleyale.

Kisha skrubu ya nje. Ikiwa imekazwa vibaya, gololi zinaisukuma klachi muda wote, nawe unaendesha huku umeshika nusu klachi bila kujua. Namna ya kuirekebisha iko chini.

Sasa oili. Klachi hii inaogelea katika oili ileile ya injini, na hapa ndipo pesa nyingi zinapotea bure. Mzee mmoja kutoka Pangani alikuja na C70 iliyokuwa imebadilishwa klachi pleti mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Ilikuwa inateleza vilevile. Nikamuuliza:

"Mzee wangu, oili unatia ipi?"

"Ya kijana wangu, fundi. Anatia kwenye gari lake, inabaki nusu galoni, ananipa. Oili nzuri, ya bei."

Kweli ilikuwa oili nzuri, kwa gari. Oili nyingi za magari ya kisasa zimetiwa dawa za kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo. Klachi yetu inaishi kwa msuguano huohuo. Nilichofanya ni kumwaga, nikatia oili ya pikipiki, akaiendesha siku kadhaa taratibu, tukamwaga tena na kutia nyingine mpya. Pleti zilikuwa nzima. Sikufungua kava.

Unaponunua, tafuta nyuma ya kopo herufi JASO MA au MA2. Hicho ni kipimo cha Wajapani cha oili ya pikipiki zenye klachi inayooga oili, kilichoanza 1998. Ukiona JASO MB, iache, hiyo ni ya skuta ambazo klachi yake iko nje ya oili. Uzito wa 10W-30 au 10W-40 unafaa. Zile chupa ndogo za dawa za kuongeza kwenye oili ili injini iwe laini, usiziguse hata ukipewa bure.

Mwendeshaji naye ana sehemu yake. Kusimama mlimani kwa kushikilia mafuta badala ya breki kunaziunguza pleti, kwa sababu injini iko kwenye ile kasi ya katikati ambapo klachi imeshika nusu. Kupanda mlima mrefu, tuseme kutoka Mombo kwenda Lushoto, kwa gia ya tatu huku mwendo umeshakufa, ni hivyohivyo. Shuka gia mapema, injini izunguke kasi, klachi ishike kabisa. Na mtu aliyebadilisha sproketi ya mbele akaweka kubwa ili apate mbio, ajue ameiongezea klachi mzigo kila anapoondoka.

Ikiwa mguu hauhusiki, skrubu iko sawa, oili ni ya pikipiki na bado inateleza, hapo pleti zimelika au zimeungua. Chomoa kijiti cha oili unuse. Pleti zilizoungua huacha harufu kali kama ya kamba ya jute iliyoshika moto, na oili inakuwa nyeusi kabla ya wakati wake.

Ukiweka gia inaruka, au inatambaa yenyewe

Umesimama kwenye makutano, umeachia mafuta, na pikipiki inataka kuondoka bila ruhusa yako. Au ukiiweka gia ya kwanza kutoka frii inapiga kishindo na kuruka. Mara tisa katika kumi hakuna ubovu wa klachi. Injini inazunguka kasi mno, na vyuma vya uzito vimeshaanza kupanda.

Sailensa ya Honda hizi inatakiwa iwe karibu mizunguko 1,500 kwa dakika. Wengi hatuna kifaa cha kuhesabu, basi fanya hivi. Endesha kilomita kadhaa ili injini ipate moto kamili. Isimamishe kwenye stendi ya kati, iko frii. Fungua skrubu ya sailensa kwenye kabureta pole pole mpaka injini ianze kusitasita, karibu kuzima. Irudishe kidogo tu mpaka itulie na kuunguruma sawasawa. Hapo ndipo pake. Kosa la kawaida ni kuirekebisha asubuhi injini ikiwa baridi. Ikishapata moto inapaa, na lawama zinarudi kwa klachi.

Ikiwa sailensa haishuki hata ukifungua skrubu yote, tafuta chanzo kingine kabla hujaendelea. Zungusha usukani kushoto na kulia injini ikiwaka. Mlio ukibadilika, waya wa mafuta ni mfupi au umepita vibaya na unavutwa na usukani. Angalia choki kama imerudi kabisa. Angalia nati za kabureta na kipande cheusi kilicho kati ya kabureta na injini. Kikipasuka au gasketi yake ikikauka, hewa inaingia pembeni na injini inapaa bila mafuta kuvutwa.

Sailensa ikishakuwa sawa, ipime klachi hivi: pikipiki kwenye stendi ya kati, injini inawaka, weka gia ya kwanza. Gurudumu la nyuma litazunguka polepole, na hilo lisikutishe, ni oili inayoliburuta. Gusa breki ya nyuma kidogo. Gurudumu likisimama na injini ikaendelea kuunguruma, klachi inaachia vizuri. Injini ikizima kana kwamba umeikaba koo, klachi haiachii. Kinachosababisha huwa ni mojawapo ya haya: springi ndogo za kutenganisha pleti zimechoka au zimevunjika, pleti za chuma zimepinda kwa moto, bushi ya gia ya klachi imekauka ikashikana na krankshafti, au oili imezidi kipimo. Hilo la oili liangalie kwanza kwa sababu halina gharama. Kijiti cha Honda hizi kinapimwa kwa kukichovya tu bila kukikaza kwenye nyuzi zake, na pikipiki iwe wima. Wengi wanakikaza, wanasoma vibaya, wanatia oili isivyo.

Asubuhi ya kwanza baada ya pikipiki kulala wiki nzima, pleti zinaweza kugandana kwa oili nzito. Ikiruka mara moja siku hiyo kisha ikawa sawa, iache.

Kiki inateleza

Unapiga kiki, mguu unashuka mpaka chini kama unakanyaga hewa, injini haizunguki. Angalia kwanza kile usichohitaji kufungua: meno ya mkono wa kiki pale unapoingia kwenye shafti. Yakiliwa, mkono unazunguka wenyewe na shafti imesimama. Utaona kwa macho.

Kama shafti inazunguka, tenganisha klachi na kiki kwa kuisukuma pikipiki. Swichi imezimwa, weka gia ya tatu, sukuma. Ukisikia kompresheni inakukataza, klachi inashika, na ubovu uko kwenye meno ya ndani ya kiki. Pikipiki ikiteleza mbele bila kukataa, ni klachi, na mshukiwa wa kwanza ni ile skrubu ya nje iliyobanwa. Nimeona watu wakisukumana asubuhi na C90 barabara nzima kwa kitu ambacho spana na bisibisi zingekimaliza kwa dakika mbili.

Gia ngumu kuingia

Hapa klachi haiachii vya kutosha unapokanyaga pedali. Skrubu ya nje imelegezwa mno, kwa hiyo pedali inamaliza safari yake kabla gololi hazijaisukuma klachi. Irekebishe. Baada ya hapo angalia sailensa, kisha oili. Ikiwa gia ni ngumu kupanda tu na kushuka hakuna shida, au pedali hairudi mahali pake, acha klachi. Springi ya shafti ya gia ndiyo yenye neno.

Inatetemeka wakati wa kuondoka

Fungua kapu la nje, yaani duara ambalo masikio ya pleti yamekaa kwenye mifereji yake, na mara nyingi utakuta masikio yamechimba makovu kwenye kingo za mifereji. Pleti inakwama kwenye kovu, inaruka, inakwama. Makovu madogo unayalainisha kwa tupa nyembamba. Yakiwa marefu, badilisha kapu. Kabla ya kufungua, angalia cheni. Cheni iliyolegea na sproketi iliyochongoka kama meno ya papa hutoa mtetemeko huohuo.

Kurekebisha skrubu ya nje

Iko kwenye kava la kulia, imechomoza kidogo, ina mfereji wa bisibisi bapa na nati ya kuifunga. Injini iwe imezimwa. Safisha vumbi kwanza ili nati isile.

Shika skrubu kwa bisibisi isizunguke, legeza nati kwa spana. Sasa zungusha skrubu mzunguko mmoja upande wa saa, usizidishe, maana ukiipeleka mbali gololi zinaweza kutoka kwenye vitako vyake na utalazimika kufungua kava kuzirudisha. Kisha irudishe kinyume cha saa pole pole, kwa vidole viwili tu juu ya bisibisi. Itakuja laini, laini, halafu utahisi imegusa kitu. Ule mguso ndio unaoutafuta. Usiulazimishe. Kutoka hapo irudishe upande wa saa sehemu moja ya nane ya mzunguko. Ukifikiria uso wa saa ya ukutani, ni kutoka namba 12 hadi katikati ya namba 1 na namba 2. Ishikilie hapo kwa bisibisi huku unakaza nati kwa mkono mwingine. Watu huharibu kazi yote mwisho kabisa, nati inapokazwa na kuiburuta skrubu. Tazama mfereji wa skrubu, usitazame nati.

Usipoirudisha ile sehemu ya nane ukaiacha kwenye mguso, klachi inateleza na kiki nayo. Ukiilegeza zaidi, yaani kuipeleka mbele zaidi upande wa saa, gia zinakuwa ngumu.

Ukilazimika kufungua

Mwaga oili injini ikiwa na moto, bolti iko chini ya injini, spana namba 17. Toa ekzosi, chuma cha kukanyagia na mkono wa kiki. Skrubu za kava ni za kichwa cha msalaba cha Kijapani, na bisibisi yetu ya kawaida haikai vizuri ndani yake, inapanda na kuila. Tumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo. Skrubu hazilingani urefu, kwa hiyo chukua kipande cha boksi, chora umbo la kava, toboa matundu, na kila skrubu ichomeke pale ilipotoka. Skrubu ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inapasua injini.

Kava likitoka, usilitupe pembeni. Angalia katikati ya klachi: kuna kipande kidogo chenye springi kinachopitisha oili kutoka kwenye kava kuingia kwenye krankshafti. Kinaanguka kirahisi na hakipigi kelele kikianguka. Pikipiki iliyofungwa bila hicho itawaka na kwenda vizuri tu, kisha beringi ya kichwa cha konrodi itakufa kwa kukosa oili. Kifunge kwenye kitambaa ukiweke mfukoni.

Toa mkono wa kuachia na gololi zake, kisha skrubu nne za kifuniko cha klachi. Nyuma ya kifuniko ndiko pikipiki hizi zinakochujia oili. Klachi inavyozunguka inautupa uchafu pembeni na kuugandamiza. Nimekuta humo tope la kijivu lililokauka kama udongo wa mfinyanzi, unalikwangua kwa kijiti linatoka kwa mabonge. Likwangue lote, osha kwa mafuta ya taa, kausha. Usitumie ncha ya chuma.

Ndani kuna nati ya mviringo yenye mifereji minne, imefungwa kwa washa ya kukunja. Nyoosha washa kwanza. Nati hiyo ina kifaa chake cha meno manne. Kama hakipo, mchomelea vyuma anaweza kukichonga kwa kipande cha bomba nene kwa saa moja. Anayeigonga kwa tindo anaharibu nati, na vipande vya chuma anaviacha ndani ya injini. Nakuomba sana, usikubali.

Klachi ikishatoka na kufunguliwa mezani, kuwa makini na duara ya kufungia kwa sababu springi ziko nyuma yake. Klachi pleti zilinganishe na mpya kwa unene, na uzitazame uso: ukiwa unang'aa kama kioo, zimeungua juu. Zilizong'aa kidogo unaweza kuzisugua kwa msasa juu ya kioo bapa. Zilizokuwa nyeusi na kumeguka, tupa. Pleti za chuma zilaze juu ya kioo hichohicho, bonyeza pembe moja. Ikicheza, imepinda. Rangi ya bluu ni alama ya moto. Vyuma vya uzito lazima visogee bila kukwama, na springi ndogo zote ziwe na urefu mmoja.

Ukienda dukani, beba pleti ya zamani mkononi. Vifaa vya C50 na vya C90 havichanganyiki, na muuzaji atakwambia "zote ni Honda". Pleti mpya ziloweke kwenye oili safi kabla ya kuzifunga. Zikifungwa kavu zinaweza kuungua kabla oili haijazifikia. Washa ya kukunja iwe mpya, gasketi iwe mpya. Silikoni usimimine, vipande vyake vinang'oka na kuziba njia za oili.

Wenye Honda za miaka ya karibuni, pamoja na zile za Kichina za cc 110 zenye umbo hilihili, wajue kwamba mle ndani mna klachi mbili: moja ya viatu kwenye krankshafti, inayoshika kwa kasi ya injini, na nyingine ya pleti kwenye shafti ya gia, inayoachia unapokanyaga pedali. Ikiteleza wakati wa kuondoka tu kisha ikashika, anza na viatu. Ikiteleza kwenye mwendo, gia ya juu, mlimani, anza na pleti. Skrubu ya nje na habari ya oili ni zilezile.

Baada ya kufunga, rekebisha skrubu ya nje kabla ya kutia oili, ili ukikosea usimwage tena. Kwa C50 na C70 injini iliyofunguliwa inachukua karibu lita 0.8, C90 karibu lita 0.9, lakini kijiti ndicho chenye kauli ya mwisho. Piga kiki mara kadhaa swichi ikiwa imezimwa ili oili ianze kupanda. Washa, iache iungurume dakika tatu frii, zima, subiri itulie, pima tena. Kipimo kitakuwa kimeshuka, kwa sababu klachi na njia zake zimekunywa. Ongeza kidogo kidogo mpaka alama ya juu, kisha rudi kwenye sailensa ikishapata moto.